Tupeane uzoefu: animesheni za PowerPoint kukwama au kukimbia mbele za watu

Kijana wa Makulu
Wakuu salaam. Leo nimemsindikiza mdogo wangu kwenda kutetea pendekezo lake la utafiti. Jopo limekaa, anabonyeza, kichwa cha habari kinaingia herufi moja moja kama kinaogopa watu. Nyumbani ilikuwa inaenda vizuri tu. Jumatatu anarudi tena mbele yao. Yaliyowahi kuwakuta tiririkeni, na mwenye dawa asituache.

Mama Jeni
Naweka kiti hapa. Na mimi mhanga.

Mhasibu Mstaafu
Umenikumbusha mbali kijana. Mkutano mkuu wa mwaka wa SACCOS yetu, ukumbi umejaa, joto, soda hazijagawiwa. Wajumbe hawana habari na mapato wala matumizi, wanasubiri slaidi moja tu: gawio. Kijana wa ofisi alikuwa amenitengenezea nguzo za kupanda kutoka chini, moja kwa kila mwaka. Nikabonyeza, nguzo ya kwanza ikapanda hadi nusu ikasimama. Nikabonyeza tena. Kimya. Mwenyekiti kanikazia macho, nikabonyeza kwa hasira mfululizo. Kumbe mashine ilikuwa imeganda lakini inahesabu kila nilichobonyeza! Ilipozinduka ikamwaga vyote kwa mkupuo: nguzo zikaruka, gawio likapita hata asilimia haijasomeka, ikatua kwenye "Ahsanteni kwa kunisikiliza".

Ukumbi ukalipuka. "Rudisha! Rudisha hiyo!" Mzee mmoja wa safu ya mbele akasimama na kitabu chake cha akiba mkononi, anauliza kwa nini ya gawio tu ndiyo imekimbia. Nikarudisha nyuma, nguzo zikaanza kupanda upya taratibu, na kila iliyosimama watu wanaguna. Tokea siku ile taarifa nilisoma kwenye karatasi mpaka nastaafu.

Shemeji wa Tabata
Mzee hapo hata mimi ningesema mmekula hela 😂

Fundi Projekta
Tenganisheni magonjwa, wakuu. La kwanza ni muda uliowekwa. Bofya kitu chenye animesheni, nenda "Animations", upande wa kulia kuna kiboksi "Duration". Ukikuta 05.00 maana yake sekunde tano, andika 00.50 uone. Matoleo ya 2007 kurudi nyuma ulikuwa unachagua maneno, taratibu sana hadi haraka sana. Tangu 2010 unaandika sekunde mwenyewe. Faili la zamani linakuja na mwendo wake wa zamani.

La pili ni mashine kuzidiwa, kama ya mzee wa SACCOS. Hapo hata uandike nusu sekunde itakwama vilevile.

Kuhusu herufi moja moja: hiyo mtu aliichagua. Fungua "Effect Options" ya hayo maandishi, badilisha yaingie yote kwa pamoja.

Bwana RAM
Maneno mengi ya nini. Ongeza RAM, ile kumbukumbu ya mashine, kaa kwa amani.

Fundi Projekta
Bwana RAM kila uzi dawa yako ni hiyo hiyo. Mtu ana picha za simu za MB tano tano kwenye slaidi moja, zote zinazunguka, RAM itamsaidia nini? Apunguze picha kwa "Compress Pictures", achague 150 ppi (nukta 150 kwa inchi), projekta haihitaji zaidi.

Bwana RAM
Nimefunga laptopu za watu wewe ukiwa shule ya msingi.

Fundi Projekta
Ndiyo maana zote zinakwama.

Mama Jeni
Jamani msigombane, mtoto ana jopo Jumatatu.

DJ Msaidizi
Ngoja niwape yangu. Send-off, mimi ndiye naendesha laptopu ya ukumbi. Mpambe wa bwana harusi analeta flashi dakika za mwisho, "weka tu, inajiendesha yenyewe". Kweli inajiendesha, kila picha inaingia kwa vidoti vidoti, taratibu kweli kweli, muziki laini chini. Utoto, kipaimara, mahafali, watu wanashangilia.

Ikaja moja inaanza na bahari. Halafu mkono. Halafu kitenge. MC akadaka kipaza, "tunamwona bibi harusi wetu hapoo!" Vidoti vinaendelea kujaa... sura siyo ya bibi harusi. Na mkono wa bwana harusi umekaa kiunoni. Mama mkubwa wa bibi harusi alikuwa anakula, kijiko kikabaki hewani. Nabonyeza Esc, kimya. Ule mwendo ndio ulioniua, ingetokea chap na kupita nusu ya ukumbi wasingeona. Nikachomoa waya wa HDMI.

Shemeji wa Tabata
WEWE! Halafu?

Binti Pangani
Ndoa ilifungwa haikufungwa?

DJ Msaidizi
Mpambe alisema ni binamu.

Mama Jeni
Binamu anashikwa kiuno? Kausha.

Shemeji wa Tabata
Mkuu umetuacha njiani. Mama mkubwa alisemaje?

Otieno Mtaratibu
Huku Nairobi sisi hubonyeza herufi B, skrini inakuwa nyeusi mara moja, ukibonyeza tena inarudi. Hakuna haja ya kung'oa waya.

DJ Msaidizi
Ungekuwepo siku ile kaka.

Mwalimu wa Kompyuta
Nirudi kwa mwenye uzi. Mwambie mdogo wako achomeke chaja, laptopu ikiwa inabana betri inapunguza nguvu na picha zinakwama. Akiona bado, aende "File", "Options", "Advanced", ajaribu kuzima msaada wa kadi ya picha, kisha kwenye "Set Up Slide Show" ya menyu ya "Slide Show" ashushe ukubwa wa skrini. Kama slaidi zinajipeleka zenyewe, hapo hapo "Slide Show" aondoe tiki ya "Use Timings". Mtu akishafanya mazoezi kwa kurekodi muda, programu inakumbuka.

Bwana RAM
Na RAM.

Binti Pangani
Mimi nasema atoe animesheni zote. Jopo halikuja kuangalia katuni.

Mhasibu Mstaafu
Binti kasema kweli. Na achape na karatasi pembeni.

Kijana wa Makulu
Mrejesho: kiboksi kilikuwa 05.00 karibu kila slaidi, na maandishi yamewekwa herufi moja moja. Tumebadilisha, linatembea. Imebaki slaidi ya ramani ya wilaya, inaingia kwa kuruka ruka.

Fundi Projekta
Ramani uliichukua kwenye PDF? Ina mistari maelfu, mashine inaichora upya kila hatua. Ikate, ibandike upya kama picha, halafu usiipe mbwembwe yoyote.

Kijana wa Makulu
Sawa fundi, ngoja tuibandike.

Shemeji wa Tabata
DJ akirudi na habari za mama mkubwa niiteni, naenda kula.