Kuna watu sio wa kusafiri nao, ndizi MOJA imenidhalilisha mpakani Argentina na Chile

Wakuu naandika nikiwa na hasira, asije mtu akaniambia nipoe. Mnamjua. Sitaji jina mods wasije wakafuta uzi, ila ni yule yule wa "barabara zote nimezimaliza", anayejibu humu hata asichoulizwa. Leo huyo mtu amenyoosha kidole. Mbele ya foleni nzima ya madereva wa malori wa Paraguay, kidole, kwangu, akasema ndizi ni ya huyu.

Tumetoka Purmamarca upande wa Argentina asubuhi tukapita Susques kuelekea mpakani Paso de Jama, huko ni mita 4,200 hewa hakuna, gari la kukodi linapanda kwa kuomba msamaha, mimi kichwa kinapasuka natafuna majani ya koka tuliyonunua Jujuy, kule ni halali yanauzwa wazi kabisa. Yeye anaendesha mkono mmoja anasimulia. Alisema Jama kuna sheli na kweli ipo, hilo nampa.

Argentina na Chile wako jengo moja, unahama dirisha hadi dirisha, uhamiaji, forodha, kibali cha mwenye gari chenye mhuri wa mwanasheria, mwisho wakaguzi wa kilimo wa Chile. Sasa hao ndio wenyewe. Matunda, mboga, asali, nyama, mbegu, hakipiti kitu. Kuna fomu ya kutamka umebeba nini, mimi nimeegemea ukuta naona nyota, yeye akanijazia HAPANA HAPANA HAPANA akaniletea nisaini.

Dada mwenye glavu akafungua begi LANGU, akaingiza mkono kwenye soksi ZANGU, akatoa ndizi. Imeiva mpaka nyeusi, imepasuka ubavuni, akaining'iniza kwa vidole viwili kila mtu aone. Ndizi kanunua YEYE, begi lake limejaa droni ndo akaisokomeza kwangu. Hapo ndipo kidole kikanyooka: "Es de él." Safari nzima anaomba maji kwa ishara, leo Kispanyola kimemjia!

Faini nimelipa mimi. Na ukiandika NDIYO wanaichukua tu wanatupa, hulipi hata senti. Kile kidole lakini!!

Halafu upande wa Chile barabara inapanda tena inapita mita 4,700, juu kuliko kilele cha Meru, kisha inadondoka mpaka San Pedro de Atacama mita 2,400, pembeni kuna njia za changarawe za malori yakikatika breki. Mteremko wote huo jamaa anapiga mluzi. Tukafika penye volkano ya Licancabur akanionesha, "cheki mlima ule". Kwa KIDOLE KILEKILE.

mzee_wa_tairi: Chai hii. Nani anaweka ndizi kwenye soksi?

BintiKisarawe: Mimi namjua 😂😂 alikula kuku wangu kwenye basi la Mbeya akasema ni konda

ngosha_gia: Mkuu swali dogo tu, sahihi kwenye fomu ni ya nani?

Mleta uzi: Sahihi sio hoja. Hoja ni kidole.

ngosha_gia: Sawa. Na yale majani ya koka, maana Chile nayo hayaingii

Mleta uzi: Yalikuwa mdomoni

ngosha_gia: Yaani mtu umevuka na mzigo shavuni halafu unalia ndizi 🤣🤣🤣

shamba_darasa: Wachile msiwalaumu. Wanauza zabibu na cheri dunia nzima, wamehangaika miaka na miaka kumfukuza nzi wa matunda, jangwa na ile milima ndio uzio wao. Ndizi moja yenye mayai ya nzi inatosha kuwamaliza.

mzee_wa_tairi: Ila hiyo Licancabur ni mita 5,916, imeipita Kili kwa mita 21. Mtu unapita chini yake na gari unaangalia kidole

chuma_cha_Same: Acha uongo, hakuna mlima unaoizidi Kili

mzee_wa_tairi: AFRIKA mkuu. Hakuna AFRIKA.

Mleta uzi: Jamani uzi wangu

probox_nyeupe: Hao Waparaguay wamebeba nini lakini?

mzee_wa_tairi: Wengi magari used ya Japani, kama haya yetu. Yanashushwa bandari ya Iquique huko Chile, yanavushwa milima mpaka Paraguay, kule wanayaita "vía Chile". Na wao wanaendesha kulia kwa hiyo usukani inabidi uhamishwe.

probox_nyeupe: Usukani unahamishwa??? Na dashibodi?

mzee_wa_tairi: Dashibodi, pedali, kila kitu. Ukichungulia chini ndo utaona welding

probox_nyeupe: Afadhali wao wanapata gari. Mimi agenti kanikalia na Probox bandarini, kila nikipiga simu "boss mfumo uko chini", storage inapanda, juzi nikamkuta anakula chipsi mishikaki akaniambia yuko Dodoma. Namuona kwa macho!!

BintiKisarawe: Ngoja. Mrefu mweusi, ana pete mbili?

probox_nyeupe: Dada usiniambie

BintiKisarawe: Njoo inbox haraka