Kisogo kinauma mpaka nyuma ya jicho, Panado imegonga mwamba. Nani kapitia hii?

FundiWaKioo
Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi simu hapa Kariakoo, miaka 34, presha na sukari nimepima sina. Ishu yangu ni kisogo. Pale kabisa fuvu linapoishia na shingo inapoanza, upande wa kulia, panakaza kama mtu kanibana na koleo, hlf maumivu yanapanda juu ya kichwa yanakuja kutulia nyuma ya jicho la kulia. Asubuhi naamka freshi, ikifika saa nane mchana nimeinamia simu za watu ndo shughuli inaanza. Mteja akiniita pembeni nageuka na kiti chote, majirani wa fremu wananicheka eti nimemeza mti.

Miezi minne iliyopita daladala niliyopanda iligongwa kwa nyuma pale Buguruni kwenye foleni, haikuwa ajali ya maana, hata taa haikuvunjika, kichwa tu kilienda mbele kikarudi nyuma basi nikaendelea na safari. Kesho yake shingo haigeuki. Ikaachia baada ya wiki nikasahau, halafu hii ikaja mdogo mdogo. Malaria nimepima mara tatu hakuna kitu. Sa hivi Panado karibu kila siku, zikigoma naongeza diklo (diclofenac, ile ya maumivu). Zahanati moja wakaniambia ni mawazo, nioe. Juzi Jumamosi kinyozi akamaliza kuninyoa akanikamata kidevu akaigeuza shingo ghafla, ikalia ka-ka-ka, nikapata nafuu kama lisaa hivi halafu kizunguzungu mpaka usiku. Hii ni ubongo au nini? Nikapige MRI, ile picha ya ndani ya kichwa? Maana hela yenyewe nayo ni maumivu.

mzee_wa_kahawa
Pole sana mdogo wangu. Hapo kwenye kuoa wala hawajakosea, utapata wa kukuchua bure 😂. Mi ningekwambia chua na mafuta ya nazi ya moto, ila hilo la kizunguzungu limenitisha, ngoja wataalamu waje.

dada_fizio
Kaka pole. Mimi ni fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo kwa mazoezi, siwezi kukupima kwa maandishi, ila nikueleze hapo panapouma pana nini. Chini ya ile misuli mikubwa wanayochua saluni kuna vimisuli vidogo nane, vinne kulia vinne kushoto, vimejibanza kati ya fuvu na pingili mbili za juu kabisa za shingo. Sisi tunaviita suboksipitali. Vifupi kuliko kidole lakini ndo vinainua uso, vinageuza kichwa kidogo kidogo, na kutwa nzima vinauambia ubongo kichwa kimekaa vipi. Vina vihisio vingi mno kwa udogo wao, ndo maana vikichoka au vikiumia mtu anaweza kuona dunia inayumba.

Fanya hivi sasa hivi. Weka vidole gumba chini ya mfupa wa kisogo, bonyeza taratibu, fumba macho, halafu peleka mboni kulia na kushoto bila kugeuza kichwa. Umesikia kitu kinacheza chini ya dole? Ndo vyenyewe, vinafanya kazi pamoja na macho. Sasa wewe unayekodolea visikrubu kama punje ya chumvi kutwa nzima, shingo imetangulia mbele kidevu kiko juu, unadhani vinapumzika saa ngapi? Na ile daladala ilivivuta ghafla kabla hujajiandaa, gari kugongwa kwa nyuma hata taratibu inatosha kabisa.

Kuhusu jicho: neva za shingo ya juu zinapeleka taarifa kwenye kituo kilekile kinachopokea taarifa za usoni, ubongo unachanganya. Ni kama bodaboda aliyepewa lokesheni ya Kimara akaibukia Kibamba. Jicho lako inawezekana halina kosa lolote. Halafu kuna neva kubwa ya kisogo inayopita chini ya kamoja ka vimisuli hivyo ndo ipande kichwani, ikibanwa utasikia shoti kama za umeme au ngozi ya kichwa kuuma ukichana nywele. Na mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland kule Marekani walionyesha kamsuli kamoja hapo kana nyuzi zinazoungana na utando unaofunika uti wa mgongo, kwahiyo wapo wanaodhani kakikaza kanavuta utando, bado wanabishana.

Panado sasa. Ukinywa siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, dawa yenyewe inaanza kuleta kichwa. Diklo kila siku ni kutafuta vidonda vya tumbo na figo. Mwone daktari akupangie kuzipunguza.

binti_cherehani
Mi nashona Ilala, nilikuwa hivyohivyo mwaka jana, hadi nikabadilisha miwani bure. Kilichonisaidia ni viwili. Kwanza niliinua meza ya cherehani kwa matofali. Pili kidevu ndani: unakaa wima unarudisha kidevu nyuma kama unajitengenezea kidevu cha pili (mtu akikuona atadhani umenusa kitu), unahesabu tano unaachia, mara kumi, mimi nafanya kila nikimaliza gauni. Usiku mipira miwili ya tenisi kwenye soksi, nalala chali naiweka chini ya kisogo dakika tano. Wiki ya kwanza niliona utani, wiki ya sita nikagundua sijanunua dawa.

dada_fizio
Binti kanena, ila kaka wewe mipira subiri kwanza mpaka upimwe. Hicho kizunguzungu baada ya kugeuzwa shingo sikipendi. Hapohapo kwenye vimisuli hivyo unapita mshipa wa damu unaolisha ubongo kwa nyuma, ukigeuzwa kwa nguvu unaweza kuchanika ukuta wa ndani, na hiyo inaleta kiharusi hata kwa kijana. Haitokei mara nyingi ila ikitokea ni kubwa. Ukiona vitu viwiliwili, ulimi mzito, uso kufa ganzi, kuyumba au mkono kulegea, emajensi usiku huohuo. Vilevile kichwa kikikulipukia ghafla au homa na shingo ngumu. Hata bila hayo kesho nenda kapimwe, mweleze daktari ya daladala na ya kinyozi, MRI aamue yeye.

mzee_wa_kahawa
Kumbe! Mi huyo wa kuvunja shingo nampa buku mbili ya ziada kila wiki.

FundiWaKioo
Nimerudi. Nimejaribu hiyo ya macho nikiwa dukani, asee kweli vinacheza, upande wa kulia ukibonyeza tu jicho linajibu. Jana nimeenda hospitali, daktari kanigonga magoti, kanifuatisha kidole kwa macho, kanitembeza kwenye mstari, kasema kwa sasa haoni dalili ya shida ya mshipa wala neva, kanipeleka fizio wiki sita na Panado nazipunguza. Meza nimeinua kwa kreti mbili za soda, sasa simu zinanijia usoni. Kinyozi nimemwambia kuanzia leo ninyoe tu, kanuna.

mzee_wa_kahawa
Kreti za soda mwenye duka keshajua?