Nimfundisheje Kiingereza cha kila siku mtu anayezungumza Kihindi?

Karani wa duka, Kisumu
Habari zenu. Ninafanya kazi katika duka la vitambaa hapa Kisumu, na mwenye duka ameniomba nimfundishe mkaza mwanawe Kiingereza cha kila siku kwa saa moja jioni. Dada huyo alitoka India miezi michache iliyopita, lugha yake ni Kihindi, naye ni mwepesi wa kushika. Nilimwandikia orodha ya maneno, akayakariri yote, lakini mteja akiingia tu yanampotea. Juzi alimwambia mama mmoja aliyeagiza mita sita za kitambaa, “Come yesterday,” na yule mama akaondoka amenuna. Nimekosea wapi?

Mwalimu mstaafu, Nakuru
Ndugu yangu, usimlaumu. Katika Kihindi neno “kal” ni jana na pia ni kesho, na kitenzi ndicho kinachoonyesha ni ipi kati ya hizo mbili. Vivyo hivyo “parson” ni juzi na pia ni kesho kutwa. Kwa hiyo usimpe maneno hayo yakiwa pekee, bali kila moja alijue likiwa limeshikana na kitenzi chake: “came yesterday”, “come tomorrow”. Kuhusu “a” na “the”, Kihindi hakina kitu cha namna hiyo, kama ambavyo Kiswahili chetu hakina, na mimi nisingepoteza jioni hata moja kwa ajili yake sasa, kwani mteja ataelewa tu.

Mzaliwa wa Kisumu
Mimi nimelelewa na nyanya aliyezungumza Kihindi, na shida yake kubwa haikuwa msamiati bali adabu. Kihindi hubeba heshima ndani ya kitenzi chenyewe: anayesema “pani dijiye” ameomba maji kwa upole bila kuongeza neno jingine, sawa na sisi tunaposema “naomba maji”. Nyanya alipoipeleka kauli hiyo kwenye Kiingereza ikawa “Give me water”, na wauza samaki wakamwona mkali kwa miaka mingi, ilhali alikuwa mpole kupita sisi sote. Mfundishe “Can I have” na “Could you” kama kauli nzima, asiichambue neno kwa neno. Tena usisahau kwamba mna maneno mengi ya pamoja, kama vile duka, kitabu, sabuni, chai na dunia. Ukikwama kumweleza jambo kwa Kiingereza, pitia huko.

Karani wa duka, Kisumu
Asanteni sana, Mwalimu na mwenzangu. Orodha nimeiweka kando, sasa tunaigiza: mimi mteja, yeye muuzaji. Jambo moja bado linatushinda. Tunauza “velvet”, naye hutamka “welwet”.

Mwalimu mstaafu, Nakuru
Kihindi hakitenganishi sauti hizo mbili, lakini Kiswahili kinazitenganisha. Mpe “vema” na “wema”. Kwenye la kwanza meno ya juu yaguse mdomo wa chini, kwenye la pili midomo iviringe bila meno kugusa chochote. Awe na kioo mkononi.

Karani wa duka, Kisumu
Tumetumia kioo cha chumba cha kujaribia nguo. “Wema” limetoka safi. “Vema” limetoka mara tatu kati ya kumi, na mara hizo tatu alipiga makofi mwenyewe.