MJADALA: Hawa watoto wanaojenga miji kwenye simu, tuwafungie au tuwaachie?

Mtoa mada:

Wadau wa Tanga asalaam aleikum, na wengine wote habari za jioni.

Juzi kwenye kikao cha mtaa huku kwetu Ngamiani, tulipomaliza habari za taka na mitaro, mzazi mmoja akasimama akatoa hoja kwamba watoto wa shule wapigwe marufuku kabisa hizi gemu za kujenga za mtandaoni, mwenye kibanda cha gemu akikutwa na mtoto atozwe faini na sisi majumbani tufungie simu kabatini mpaka likizo. Watu wakapiga makofi. Haijapitishwa bado, tumeambiwa tukaifikirie mpaka kikao kijacho, sasa mi nimeifikiria na naileta hapa kwa sababu pale nilinyoosha mkono muda ukawa umeisha.

Mi napinga. Ila kwanza tuelewane ni gemu gani maana pale kikaoni zilichanganywa zote, za kamari, za mpira, za kupigana. Naongelea zile unaingia kwenye nchi tupu, kuna milima na miti na bahari na vyote vimekatwa vipande vya mraba kama matofali, unachimba unapata udongo, mawe, mbao, unajenga unachotaka wewe. Hakuna kumshinda mtu na haina mwisho. Inayojulikana kuliko zote ni Minecraft, aliianza Mswidi mmoja anaitwa Markus Persson mwaka 2009, Microsoft wakaja kuinunua kampuni yake 2014 kwa dola bilioni 2.5 na mpaka 2023 zilishauzwa nakala zaidi ya milioni 300. Ipo na ya bure kabisa, aliianza Mfini anaitwa Perttu Ahola 2010, zamani iliitwa Minetest, tangu Oktoba 2024 inaitwa Luanti, na hiyo ndo iko nyumbani kwangu kwa sababu haidai hela na inakubali hata laptopu chakavu.

Nakaa na watoto wawili wa dada yangu, na rafiki zao wa mtaani wanakuja sita au saba. Laptopu inakaa sebuleni ndo seva, yaani ndo inabeba gemu yenyewe, simu zinaungana nayo kwa waifai ya humo humo ndani, bando haliguswi hata shilingi mia. Kwa miezi kadhaa sasa wanaijenga Ngamiani. Sikuwatuma. Wameanza barabara ya 12 wakawa wanasogea, na siku moja nikawakuta wanagombana kweli kweli, nikadhani kuna mtu kaibiwa, kumbe ugomvi ni upana wa barabara. Mkubwa wao alitaka mita tatu ili nyumba zienee, mdogo kabisa ana miaka 9 akakataa akasema hapo bajaji ikikutana na mkokoteni wa maji nani atarudi nyuma na baiskeli zitapita wapi. Wakabomoa safu nzima ya nyumba walizomaliza jana yake wakaanza upya. Jamani mi nimekaa vikao vingi vya watu wazima na sijawahi kuona mtu anakubali kubomoa chake kwa sababu mtoto wa miaka 9 kasema neno la maana.

Hicho ndo kinawavuta kwa ninavyowaona mimi. Mtoto nyumbani hapangi kitu, kitanda kakuta kilipo, kabati lilipo, shuleni dawati kapangiwa, lakini mule ana kiwanja chake, akisema mlango uangalie bahari unaangalia bahari, na kesho akirudi anakikuta, tena mwenzake kamuongezea ngazi. Akicheza peke yake anachoka baada ya wiki, nimeliona hilo kwa wote. Wanaporudi kila siku ni kwa sababu kuna mtu atakiona alichojenga.

Kuna dogo mmoja darasani hasemi, mama yake anahangaika naye. Humu yeye ndo fundi wa maji. Mtu akitaka mfereji lazima amfuate, na inabidi aongee.

Basi wakafika pa kutaka kujenga Tongoni, ule msikiti wa zamani na makaburi. Mmoja anasema makaburi kumi, mwingine anasema ishirini, nikawapakia Jumapili tukaenda, maana ni kama kilomita 17 tu kutoka mjini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kufika. Yapo zaidi ya 40. Kwenye gemu kila tofali linahesabiwa mita moja kwaiyo walipima msikiti kwa hatua, ukuta hadi ukuta, na kuandika kwenye daftari la hisabati. Hawa ndo tunataka kuwafungia. Nawasilisha, karibuni tujadili.

Mama wa Makorora:

Kaka nimekusoma mpaka mwisho na nakuheshimu ila unaongelea nyumba yako wewe, unayejua laptopu na seva na muda wa kukaa nao unao. Njoo kwangu. Mi natoka saa kumi na moja alfajiri naenda kuchukua samaki, narudi magharibi, mwanangu ana miaka 12 simu ni yangu ya zamani. Yeye hakuwa kwenye hiyo ya sebuleni, alikuwa kwenye moja ya hizi za mtandao mzima ambazo dunia yote imo. Wiki tatu mfululizo ustadhi ananiambia hajamuona madrasa. Hela ya daftari imenunua bando. Hayo yote ningesamehe, lakini nilichokutana nacho kwenye simu ni mtu, simjui wa nchi gani, kamjengea nyumba kwenye gemu kampa na zawadi, alafu anamwambia mtumie picha yako ukiwa umevaa ya kulalia na usimwambie mama. Nilikaa chini nikalia. Uturuki Agosti 2024 waliifungia Roblox, moja ya hizo gemu za mtandao mzima, nchi nzima kwa ajili ya usalama wa watoto, sasa Serikali ya nchi nzima imeona, mtaa wetu unaona taabu gani? Mi nilipiga makofi pale kikaoni na ntapiga tena.

Fundi wa Duga:

Mimi ni mwashi, mwaka wa thelathini na kitu huu nashika mwiko. Mjukuu wangu alinionesha ghorofa lake kwenye simu, zuri, nikamwambia ondoa nguzo ya chini. Akaondoa. Ghorofa likabaki hewani. Nikamuuliza hili linashikwa na nini babu, akasema linajishika. Hapo ndo nikaona hasara yake. Tofali halina uzito, zege halisubiriwi kukauka, msingi hakuna. Sisi tulijifunza kwenye msaragambo, shule inajengwa unabeba mawe kuanzia asubuhi, bega linachubuka ndo unajua ukuta ni nini. Msaragambo wa kwenye kioo sio msaragambo. Ataingia ukubwani anadhani nyumba inasimama kwa kubonyeza.

Kijana wa Raskazone:

Mzee kwa heshima, wanaojenga mule wakikua sio wote watakuwa waashi. Mi nilianzia humo humo, kuna unga mwekundu unaitwa redstone unapitisha kama umeme, unatengeneza swichi, mlango unaojifungua, watu wameunda mpaka mashine za kujumlisha namba. Leo nasoma umeme chuo na lojiki za saketi nilizikuta nazijua. Alafu wapo wanaosema gemu ni ugonjwa, hapo tuwe waangalifu, WHO, shirika la afya duniani, wameuweka kweli ugonjwa wa gemu kwenye orodha yao ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, ila wanamaanisha mtu aliyeshindwa kujizuia mpaka maisha yake yanaharibika, na kwa kawaida iwe imeendelea kama miezi 12. Sio kila mtoto mwenye simu mkononi.

Mtoa mada:

Dada wa Makorora, pole sana. Nimesoma maneno yako mara tatu kabla sijajibu. Hilo la picha sina la kulitetea hata nukta moja, na kama hujaliripoti dawati la jinsia na watoto la polisi nakuomba ufanye hivyo kesho, usifute kitu kwenye hiyo simu.

Na ngoja nikiri kitu ambacho kwenye mada sikukisema. Mwanzo na mi niliwaweka kwenye seva ya wazi ya watu wa nje. Siku ya nne wakaamka wakakuta kijiji chao kimechomwa chote na mahali pa msikiti mtu kaandika matusi. Yule mdogo hakula. Wala haiwapati watoto tu, Denmark 2014 ofisi ya serikali ya ramani iliijenga nchi nzima kwenye Minecraft kwa vipimo vyake halisi, ikaifungua watu waingie, wavamizi wakalipua miji na kusimika bendera za Marekani, baruti ilikuwa imezimwa lakini walisahau ile ya kwenye vigari. Kwaiyo mi sisemi mlango uwe wazi. Nasema swali la kikao limeulizwa vibaya. Waliuliza mtoto acheze asicheze, walitakiwa waulize anajenga na nani na ufunguo wa mlango anao nani.

Kwenye ya kwangu ufunguo ninao mimi. Anayeingia ni mtoto ambaye mama yake namjua. Mtu akitukana namuondolea ruhusa ya kuandika, anabaki anajenga kimya mpaka aombe radhi. Na seva niliiwasha kitu kinachotunza kumbukumbu, ukiuliza tofali hili nani kaligusa mwisho inakutajia jina na saa, kwaiyo siku moja duka la mtoto mmoja lilipobomolewa hawakuja kwangu, walikagua wenyewe wakamkuta aliyefanya, wakakaa wakamhukumu ajenge duka jipya kubwa zaidi, na akajenga. Alikuwa mtoto wa dada yangu mwenyewe. Sikuingilia.

Dada umesema muda ninao, ni kweli, na hapo ndo napataka mtaa. Badala ya faini, ile pesa na ile nguvu tuweke kompyuta moja chakavu ofisi ya mtaa, bila intaneti kabisa, Jumamosi na Jumapili baada ya alasiri ili madrasa isiguswe, na wazazi tupeane zamu ya kukaa nao. Kwa hapo mtu wa nchi usiyoijua hawezi kumfikia mwanao hata akitaka. Na mkisema ni mambo ya kitoto, UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, na wenye Minecraft wana mpango tangu 2012, wakazi wa Kibera kule Nairobi walitumia gemu hiyo hiyo kuchora eneo lao la wazi lijengwe vipi, watu wazima na vijana pamoja. Sisi mitaro yetu tunaigombania kila masika, hao watoto wanajua kila nyumba ya mtaa ilipo.

Mzee wa Duga shikamoo. La ghorofa kubaki hewani ni kweli tupu, mule mchanga na kokoto ndo vinaanguka, vingine karibu vyote vinajishika, na mi sikuwahi kuwaambia kwamba huo ni uongo wa gemu. Umenishika hapo. Njoo uwaambie wewe, watakusikiliza kuliko mimi.

Mama wa Makorora:

Dawati nimeshaenda kaka, simu wanayo wao. Asante. Lakini zamu umeongea kirahisi, siku ambayo mwenye zamu ana msiba au ana mteja, watoto wanakaa na nani? Mkinijibu hilo mbele ya kikao kwa majina na siku ntakaa chini. Mpaka hapo kura yangu ni kufungia.

Mtoa mada:

Ni haki yako. Majina na siku ntakuja nayo yameandikwa, na jina langu litakuwa la kwanza na la akiba.

Fundi wa Duga:

Marahaba kijana. Jumamosi hii sina kazi. Ntakuja na kamba, timazi na vigingi. Hao wanaojua kupima msikiti kwa hatua nataka watoke hapo uani wanipigie pembe mraba ya chumba kwa kamba, pande za tatu nne tano, bila kioo. Wakiweza ntaingia ndani wanioneshe hiyo barabara ya 12, maana nyumba tatu za pale nimezijenga mimi na nataka nione kama wameweka madirisha yake sawa.