Kiwanja cha kiwanda kugeuzwa makazi: maoni yetu tuyaelekeze wapi?

Swali

Ndugu wanajukwaa, mmiliki wa kiwanja kilichokuwa na kiwanda jirani na makazi yetu ameomba kibadilishiwe matumizi, kutoka viwanda kwenda makazi na biashara. Tumeitwa kwenye mkutano wa hadhara tukaoneshwe michoro, kisha tutapewa wiki chache za kuwasilisha maoni kwa maandishi. Majirani wengi wanataka tukusanye saini za kupinga. Mimi sipingi nyumba kujengwa, ila nina wasiwasi na urefu wa majengo na maegesho ya magari. Je, ni hoja zipi ambazo mamlaka ya mipango miji huzipa uzito, na zipi huishia kabatini?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, kabla ya kutazama michoro, ombeni maandishi ya marekebisho yenyewe. Michoro hupendeza (miti yake huwa imekomaa tangu siku ya ufunguzi), lakini mara nyingi haimfungi mtu. Kinachofunga ni maandishi yanayotaja matumizi yanayoruhusiwa, kikomo cha urefu, umbali wa jengo kutoka mpakani na uwiano wa ujenzi, yaani jumla ya eneo la sakafu zote ikigawanywa kwa eneo la kiwanja. Tuseme kiwanja kina mita za mraba 4,000 na uwiano ni 3: mwenye kiwanja ataruhusiwa kujenga mita za mraba 12,000 za sakafu. Jengo likifunika nusu ya kiwanja, sakafu zitakuwa 6. Likifunika robo, zitakuwa 12. Kwa hiyo msikubali uwiano usioambatana na kikomo cha urefu. Tena, kwa kawaida matumizi mapya huifuata ardhi, hayamfuati mwombaji. Akishapata idhini anaweza kuuza, na mnunuzi akajenga chochote kinachoruhusiwa na maandishi, hata kama aliyewaahidi bustani alisema kwa nia njema.

Kuhusu saini, orodha ndefu chini ya sentensi moja ya kupinga aghalabu huhesabiwa kuwa hoja moja. Barua kumi zinazotaja kivuli, mifereji ya maji ya mvua na njia ya zimamoto zina nguvu zaidi.

Jibu la pili

Naona udongo umesahaulika. Kiwango cha uchafuzi kinachovumiliwa kwenye eneo la kiwanda huwa kikubwa kuliko kinachovumiliwa mahali ambapo watoto watacheza chini. Madini ya risasi hudumu kwenye udongo wa juu kwa miongo mingi, na baadhi ya vimiminika vilivyotumika kuondoa grisi kwenye vyuma hupenya hadi kwenye maji ya chini ya ardhi, kisha mvuke wake ukapanda vyumbani kupitia nyufa za sakafu. Daini uchunguzi wa udongo ufanyike kabla ya idhini, na mtu yeyote asihamie kabla usafishaji haujathibitishwa.

Jibu la tatu

Nakubaliana na waliotangulia, lakini nadhani wanauamini mno utaratibu wenyewe. Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein aliupanga ushiriki wa wananchi katika ngazi yenye vidato vinane; kushauriana alikuweka kidato cha nne kutoka chini, miongoni mwa vile alivyoviona vya kuonesha tu. Mkutano unapoitishwa, mara nyingi mwombaji na maofisa wameshazungumza kwa muda mrefu. Ombeni kumbukumbu za mazungumzo hayo, na mkutano usifanyike saa za kazi, kwa maana wapangaji ndio hukosekana na ndio huhamishwa kwanza kodi zikipanda.

Kwenye maegesho, muwe waangalifu: kudai nafasi nyingi huongeza gharama za nyumba na huvutia magari zaidi. Mwaka 2017 Jiji la Mexico lilifuta kima cha chini cha maegesho kwa majengo mapya, likaweka kikomo cha juu. Afadhali mdai tathmini ya msongamano katika makutano ya barabara yaliyo karibu.

Muulizaji

Nawashukuru nyote. Je, mwombaji akitoa ahadi kwa mdomo mkutanoni, tufanyeje?

Jibu la kwanza

Mwombeni mwenyekiti aiingize kwenye muhtasari papo hapo, kisha barua zenu zidai igeuzwe kuwa sharti la idhini, lenye tarehe ya utekelezaji na ofisi itakayolikagua.