Kupakia pikipiki kwenye pikapu ukiwa peke yako porini, mnafanyaje?

Mama Nyuki:
Wakuu, habari za jioni. Mizinga yangu iko mbali, ndani ya miombo huku Sikonge. Pikapu, Hilux ya milango miwili, inaishia njiani. Kuanzia pale ni kijinjia cha baiskeli tu, kwa hiyo natembea na Boxer 150 nyuma ya gari. Kupakia nyumbani hakuna shida, vijana wapo, nawatoa soda yameisha. Kazi ni kurudi. Nikishamaliza kurina, pale porini niko mimi, pikipiki ya kilo 120 na ushei, na ndoo zangu za asali. Mimi mwenyewe nina kilo 58. Mbao ninayo moja ya mninga, futi 8. Naomba njia isiyohitaji mtu wa pili. Na msiniambie nitafute mume wa kunisaidia. Ninaye, anaogopa nyuki.

Kijana wa Boksa:
Mama Nyuki shikamoo. Mbona rahisi? Egemeza mbao, rudi nyuma hatua kama kumi, gia namba moja, mafuta ya kutosha, panda nayo moja kwa moja. Ukifika juu breki. Sisi kijiweni tunafanya hivyo kila siku.

Mzee wa Pikapu:
Kijana, huko kijiweni mko wanane na mbao imeshikwa na watu. Usimfundishe mama wa watu kuvunjika kiuno.

Dada yangu, usipande nayo. Tairi la nyuma likishakanyaga mbao huku linavuta, linaisukuma mbao kurudi nyuma. Kama haijafungwa inachomoka, wewe uko hewani na miguu haifiki chini popote. Ndipo watu wanapovunja mapaja.

Mimi kazi yangu ni kuokota bodaboda zilizokufa njiani, huku Morogoro, nazipeleka kwa mafundi. Nyingi injini haiwaki, kwa hiyo hizo habari za mafuta ya kutosha kwangu hazipo. Na mara nyingi niko peke yangu. Nilichojifunza ni kwamba usihangaike kuipandisha pikipiki, lishushe gari. Huko kwenu vichuguu vimejaa. Tafuta kimoja kikuukuu, kigumu, ambacho upande mmoja umelala kidogo. Jembe unalo, chonga kilele kiwe bapa, kimo cha sakafu ya bodi au juu yake kidogo. Rudisha gari kinyumenyume mpaka liguse, shusha mlango, ziba pengo kwa hiyo mbao yako. Pikipiki unaisukuma taratibu kwa ule upande uliolala, unaiingiza ndani kama mkokoteni. Kama vichuguu havikai vizuri, tumia korongo au mtaro wa barabara: magurudumu ya nyuma ya gari yashuke chini, pikipiki ibaki ukingoni.

Gari liwe kwenye gia, breki ya mkono juu, na mawe nyuma na mbele ya matairi. Unaposukuma pikipiki unalisukuma na gari pia, watu husahau hilo.

Mwalimu wa Fizikia:
Naongezea hesabu tu. Bodi la Hilux tuseme liko sentimita 80 kutoka ardhini. Kwa mbao ya futi 8 unabeba theluthi ya uzito, yaani kama kilo 40 za kusukuma kwenye mteremko wa kwenda juu, bila kuhesabu msuguano. Kwa mbao ya futi 12 zinashuka hadi kilo 26 hivi. Ukifunga kapi mbele ya pikipiki, kamba ikaanzia kwenye ndoano ya gari, ikapita kwenye kapi na kurudi mkononi mwako, nguvu inagawanyika nusu. Mama wa kilo 58 anaweza.

Mzee wa Pikapu:
Mwalimu yuko sahihi, ila ukivuta kwa kamba ukiwa juu ya gari, nani ameshika usukani? Pikipiki inalala ubavu. Labda uwe na mbao mbili, moja ya matairi na moja ya miguu yako, utembee ubavuni mwake.

Dada, ikitokea siku huna kichuguu na umelazimika kutumia mbao, fahamu jambo hili. Ukikwama katikati, utakimbilia breki ya mbele. Haikusaidii. Pikipiki ikiinua pua uzito wote uko nyuma, tairi la mbele linafungwa lakini linaburuzika tu, mnarudi wote chini. Zima injini kwa swichi ikiwa kwenye gia namba moja na uachie klachi. Injini yenyewe inakuwa breki ya tairi la nyuma. Pumzika, kisha tafuta kipande cha gogo ukitie nyuma ya tairi. Pigilia pia vipande vya mpira wa tairi kuukuu juu ya mbao, mninga uliolowa umande unateleza vibaya sana. Na toboa tundu kwenye ncha ya juu, uifunge kwenye ndoano za bodi.

Mama Nyuki:
Vichuguu! Nimevizunguka miaka yote kutafuta tu kivuli cha kuegesha gari. Asante sana mzee wangu. Sasa kuifunga je? Vijana wangu huishusha stendi na kuizungushia mipira ya tyubu.

Mzee wa Pikapu:
Stendi ipandishe. Kwenye makorongo pikipiki inadunda juu ya ile stendi mpaka inaipinda, au inatoboa bati la sakafu. Tairi la mbele ligusane na ukuta wa bodi, gia namba moja. Kamba mbili za manila, au ile mikanda ya malori yenye mkono wa kukazia. Funga kila upande pale chini ya usukani, shokapu zinaposhikwa, uvute kwenda mbele na chini mpaka shokapu zibonyee nusu. Usizikandamize zote, utaua sili, zile raba zinazozuia mafuta ya shokapu yasivuje. Kamba ya tatu kwenye rimu la nyuma lisirukeruke. Mipira ya tyubu inanyumbuka, hiyo fungia ndoo.

Mrina wa Kibondo:
Mama, wote wamesahau asali. Boxer ni ya kabureta. Ikiinama barabarani inadondosha petroli kwenye ule mpira wa chini, na asali inavuta harufu upesi. Kabla ya kupakia, funga koki ya mafuta, acha injini iungurume mpaka ijizime yenyewe, kabureta inakuwa kavu. Kwenye kichuguu injini huihitaji tena. Ndoo zipange upande ambao pikipiki haikuinamia, mifuniko uifunge kwa nailoni. Ndoo ya lita 20 ni kama kilo 28, ziegemeze kwenye matairi zikusaidie na kukaza.

Mama Nyuki:
Koki nilikuwa siifungi kabisa. Nimeelewa sasa kwa nini mteja mmoja wa Tabora alinirudishia ndoo.