Kupanua barabara kuu kuwa njia nne: nyumba zipi zihesabiwe kwenye fidia?

Kokoto_20mm:
Wakuu, tuko hatua ya upembuzi yakinifu, barabara kuu ya kilomita 14 (Tanzania Bara), njia mbili ziwe nne. Katikati kuna mji mdogo ambako nyumba zimesogea hadi mita 18 kutoka mstari wa kati. Mwajiri anataka makadirio ya fidia kabla ya usanifu wa kina. Wenzangu wengine wanasema tuthamini kila kilichomo ndani ya mita 30 kila upande, wengine wanasema kinachoguswa na ujenzi tu. Na je, tupanue pande zote sawa au upande mmoja?

Tuta_na_Kalavati:
Mkuu, hifadhi ya barabara (eneo lililotengwa kisheria kwa ajili ya barabara) na mstari wa ujenzi (mwisho wa eneo ambalo ujenzi unaligusa kweli) ni vitu viwili. Anza na mstari wa ujenzi. Njia 4 za mita 3.5 ni 14, kisiwa cha katikati 4, mabega mawili ya mita 2 ni 4, mifereji miwili ya 1.5 ni 3, njia za waenda kwa miguu mbili za 2.5 ni 5. Jumla mita 30, yaani 15 kila upande. Kwenye tambarare, nyumba yako ya mita 18 inasalimika.

Kinachokula nyumba ni tuta. Tuta la mita 3 lenye mteremko wa 1:2 (kila mita 1 ya kimo inakula mita 2 za upana) linaongeza mita 6 kila upande, na mita 15 zinakuwa 21. Ongeza vituo vya daladala, makutano, na nafasi ya nguzo za umeme na mabomba yatakayohamishwa. Kwa hiyo msichore mstari mmoja ulionyooka kilomita zote 14. Chukueni mikato (michoro ya barabara ikiwa imekatwa kwa upana) kila mita 50 mjini, na porini hata 200 inatosha kwa makadirio. Kisha jaribuni kushusha tuta kabla ya kumgusa mtu: mara nyingi nusu mita ya kimo ni mita nzima ya kiwanja cha mtu.

Mthamini_Mkimya:
Upande wa sheria, hapo ndipo makadirio mengi yanapochanganya watu. Hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande, ikapanuliwa hadi 30 kwa Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake za 2009. Ndiyo asili ya X nyekundu na X ya kijani zinazopakwa kwenye kuta za nyumba: nyekundu ni aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, anatakiwa kuondoka bila fidia, kijani ni aliyemo kwenye ukanda ule wa mita 7.5, anafidiwa eneo lake likihitajika. Msichukulie 22.5 kuwa ya kila mahali. Barabara ya Morogoro kuanzia Ubungo kwenda Kibaha ina hifadhi pana zaidi, ndiyo maana bomoabomoa ya Kimara mwaka 2017 ilifika mbali na lami.

Kama fedha ni za Benki ya Dunia, hata wa X nyekundu aingie kwenye daftari: masharti yao yanataka alipwe jengo na asaidiwe kurudisha kipato, ingawa halipwi ardhi. Na jengo lilipwe kwa gharama ya kujenga jipya bila kukata uchakavu. Tofauti hiyo ikisahaulika, bajeti inapasuka katikati ya mradi.

Kwa makadirio ya nyumba moja (viwango hivi ni vya mfano): ardhi na jengo 40,000,000. Posho ya usumbufu ni thamani hiyo mara riba ya amana ya miezi 12 benki, tuseme asilimia 8, sawa na 3,200,000. Posho ya makazi ni kodi ya soko mara miezi 36: 150,000 × 36 = 5,400,000. Usafiri ni tani 12 kwa kilomita 20. Kwenye biashara ongeza faida halisi ya mwezi mara 36, na hapa dai hesabu zilizokaguliwa, maana kila duka la barabarani ghafla huwa na faida ya supamaketi. Kiwanja kitupu hakina posho ya makazi wala ya usafiri.

Kokoto_20mm:
Nimeelewa, asanteni. Nyumba inayokatwa kipande tunaiwekaje?

Tuta_na_Kalavati:
Msiangalie ukuta tu. Viwanja vingi vya mjini vina shimo la choo mbele, upande wa barabara. Mstari ukipita juu ya shimo na nyuma hakuna nafasi ya kuchimba jingine, nyumba hiyo imekwisha ingawa haikuguswa tofali. Kituo cha mafuta hivyo hivyo: matangi yako chini ya uwanja, na lango likihama magari hayawezi kugeuka. Kuna pia nyumba iliyo nje ya mstari kabisa lakini barabara inapanda mita 2 mbele yake. Mvua ya kwanza maji yote yanaingia sebuleni. Hiyo muiweke kwenye orodha ya athari, au mlipie mfereji wa kuikinga.

Mthamini_Mkimya:
Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 inatambua hasara ya kipande kilichobaki, lakini pia inaruhusu kuangalia kama kilichobaki kimepanda thamani kwa sababu ya mradi. Makaburi yana sheria yake ya 1969. Yatengeeni mstari wa peke yake kwenye bajeti na ratiba.

Lami_Moto:
Kuhusu upande mmoja au pande zote: mjini mimi ningeenda upande mmoja. Nyumba za upande wa pili zinabaki, nguzo zinahamishwa upande mmoja, na magari yanaendelea kupita barabara ya zamani wakati mpya inajengwa. Gharama yake ni kusawazisha lami ya zamani: ina mgongo katikati, nusu ya maji itamwagikia kisiwani msipoweka tabaka la kuilaza upande mmoja. Na mwandike wazi kwenye michoro kwamba hifadhi inapimwa kutoka mstari wa kati wa zamani, la sivyo baada ya miaka kumi mtu atapima kutoka ule mpya na kupiga X nyumba mlizoziokoa.

Mthamini_Mkimya:
Uthamini kamili msiufanye mapema. Ukishaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, malipo yanatakiwa ndani ya miezi 6. Yakichelewa yanazaa riba, na ripoti inaisha nguvu baada ya miaka 2. Sasa hivi fanyeni hesabu ya majengo kwa picha za droni na ukaguzi wa sampuli. Tarehe ya ukomo (kinachojengwa baada yake hakifidiwi) itangazwe siku wathamini wanapoingia, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kila jengo lipigwe picha likiwa na namba. Mkitangaza mapema kuliko hapo, watu wanazuiwa hata kuezeka upya kwa miaka. Mkichelewa, mtakuta vibanda vimeota usiku.